Maji ya Moto Kichuguuni

Siku ile walikuwapo Yarow mwenye lori, mkewe Lul, binti yao Anab aliyekuwa bado ananyonya, Raho mama yake Yarow, na Guyo fundi aliyekuja na mfuko wa spana begani. Hao ndio walioonekana. Nyuma ya ua, kwenye kichuguu kikubwa chekundu, alikuwapo mama mwingine na mtoto wake, na hao hakuna aliyewahesabu.

Ulikuwa wakati wa vita, na Garissa nzima ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje. Giza likiingia, kila mtu awe kwake. Kwenye barabara ya Liboi, karibu na nyumba ya Yarow, askari walikuwa wameweka kizuizi cha magogo na waya wa miiba, na mbele yake wakachora mstari wa chokaa. Gari likivuka mstari ule bila ruhusa lilipigwa risasi. Hakuna aliyeuliza kama breki zimechoka.

Na breki za Yarow zilikuwa zimechoka. Lori lake lilikuwa la jeshi la zamani, lililobaki tangu vita vya Wazungu. Mchangani na matopeni lilipita bila kulalamika, lakini kulisimamisha ilikuwa kazi ya mguu mzima na dua. Alivipelekea maji vijiji vilivyozungushiwa uzio na askari, na njiani akiona mgonjwa alimpakia mpaka hospitali bila kumdai kitu. Jioni moja lori lilivuka mstari kwa upana wa tairi. Askari mmoja kijana, aliyekuwa akimjua Yarow, akausukuma chini mtutu wa mwenzake. Lul alipoambiwa, alishika mkono wa mumewe na kusema, "Hata mbuzi wangu uza. Tafuta breki."

Guyo alipata ngoma pana za breki na viatu vyake vya kubana kutoka lori jipya lililoharibika, pamoja na kifaa cha kuongezea mguu nguvu. Alifanya kazi kutwa, akichemsha maji kwenye sufuria kubwa ili kuoshea vyuma vilivyoganda grisi. Jioni ikabaki kutoa hewa kwenye mafuta ya breki. Guyo alilala chini ya lori, Yarow akashika taa, Lul akapanda mbele kukanyaga.

"Kanyaga, mama Anab!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia. Haya, achia. Tena! Mbona unakanyaga kama unaua sisimizi?"

"Basi njoo ukanyage wewe, mimi nilale huko chini nipumzike kama wewe."

Guyo alicheka mpaka spana ikamwangukia kifuani. Yarow akaona unyayo wa mkewe umekuwa mwekundu kwa kile chuma kikavu. Alivua kilemba chake, akakizungusha kwenye pedali, akakifunga fundo.

Jua lilikuwa linagusa miti. Guyo akaanza kukusanya vyombo vyake haraka, kwa sababu ya ile amri. Raho akaita kutoka ndani, "Warya, Yarow! Mwaga yale maji, lakini Bismillahi kwanza. Saa hizi wenyewe wako nje."

Hilo kila nyumba inalijua. Maji ya moto hayamwagwi ardhini kimya kimya. Jina la Mungu hutajwa kwa sauti, ili wale wasioonekana wasikie na kuwainua watoto wao. Yarow aliinua sufuria, mpini ukamuunguza, tusi likamtoka, akayatupa maji yote juu ya kichuguu.

Kitu kililia. Mara moja tu, kilio chembamba kama cha mwanambuzi, kikakatika. Kisha ikaja harufu ya maziwa yaliyoungua, na hapakuwa na maziwa motoni.

"Umesema?" Raho akauliza.

"Nimesema, hooyo," Yarow akamjibu mama yake.

Lul alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha mbele cha lori. Mdomo wa mumewe alikuwa ameuona.

Kesho yake breki zilishika vizuri ajabu. Lori lilisimama kabla ya mstari, likatulia kama ng'ombe wa kukamuliwa, na askari wakapiga makofi. Lakini zilipokuwa zikishika zililia. Guyo alizifungua, akazipiga msasa, akazifunga tena, zikalia vilevile.

"Chuma hakilii hivi," alimnong'oneza Yarow, akaenda zake bila kunywa chai.

Lul alikijua kilio kile. Kabla ya Anab alikuwa na mtoto wa kiume, wakamzika akiwa hajaanza kutambaa, na siku ile sauti kama ile ilitoka kinywani mwake mwenyewe, uso wake ukiwa begani kwa Raho. Sasa kila jioni ilisikika kutoka kizuizini, na Raho, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka, alisema tu, "Alhamdulillahi, mwanangu amefika."

Ndipo Anab akakataa titi. Aligeuza uso, akafunga mdomo, na wala hakulia kwa njaa. Midomo yake ilinuka maziwa ya kuungua. Mchana mmoja, saa ile jua linapokuwa juu ya kichwa na hata mbuzi hawapigi kelele, Lul alirudi na kuni, akasikia ndani ya nyumba mtu anaimba wimbo wa kubembeleza, taratibu, kwa sauti iliyochoka, akadhani ni Raho, mpaka akamwona Raho amelala kivulini nje, akasogea mlangoni, akachungulia, akaona mkeka umebonyea kama vile mtu amekaa na kukunja magoti, na juu ya bonde lile Anab ameinuliwa, hakuna mkono unaomshika, kichwa kimeegemea hewa, koo lake dogo likipanda na kushuka akimeza, na matone meupe yakidondoka vumbini kutoka mahali pasipo na kitu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Tafadhali." Na mtoto akalazwa mkekani polepole, kama mama anavyomlaza wake.

Maalim Olow aliletwa alasiri. Alifukiza ubani, akasoma, na kabla hajamaliza Raho akaanguka, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamke kijana.

"Sikulisikia jina la Mungu," ilisema. "Ningelisikia, ningemwinua mwanangu. Alikuwa anacheza tu. Na maziwa yananiuma."

"Toka!" Maalim akanguruma. "Toka, au nikuchome kwa aya!"

Lul akajitupa katikati yao. "Usimchome, Maalim. Moto umeshaingia nyumbani kwake." Akaushika mkono wa mama mkwe, ulikuwa baridi kama maji ya mtungi. "Abaayo, dada yangu. Samir iyo iimaan. Mungu akupe subira. Mimi pia nimezika."

Kisha ile sauti ikalia, na Lul akalia nayo.

"Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole," ilisema. "Mtoto wako nitakurudishia. Lakini aliyemwaga aje kichuguuni kesho, saa ileile aliyomwaga, aseme kwa mdomo wake alichokifanya. Jua likizama hajasema, namchukua yeye."

Watu wote wakamtazama Yarow mlangoni. Aliangalia vidole vya miguu yake.

"Mimi nilisema Bismillahi," akajibu.

Usiku, taa imezimwa kwa kuogopa doria, Lul alimsogelea. "Niliona mdomo wako."

Yarow akaupapasa mkono ulioungua. "Mkono uliungua, nikatukana. Ningelitamka vipi tusi lile mbele ya mama, mbele ya Maalim? Aibu ilinifunga, Lul."

"Kesho, je?"

"Kesho nitasema. Wallahi. Nikirudi tu, kabla sijashika hata maji ya kunywa."

Alfajiri askari waligonga. Kijiji kimoja cha uzio kilikuwa hakina maji tangu jana. Yarow alimbusu Anab kwenye nywele, akaondoka.

Jioni Lul alikwenda kichuguuni, mtoto kifuani, na kibuyu cha maziwa mkononi. Barabara ilikuwa tupu. Jua likagusa miti. Akamimina maziwa chini, baridi, huku akilitaja jina la Mungu kwa sauti.

"Ngoja kidogo, abaayo. Yuko njiani. Amekubali, ameniambia mwenyewe. Ni mtu mwema, hukumjua tu. Ngoja kidogo."

Jua likapunguka, likawa kama ukucha, likaisha. Na hapo ukasikika mngurumo wa lori, mbali, ukija.

Anab akageuza kichwa. Akatafuta, akalidaka titi la mama yake, akanyonya kwa pupa, kama mtoto aliyetoka safari ndefu. Maziwa yakashuka. Furaha ikampanda Lul mpaka machoni, na kabla haijafika mdomoni akaelewa kwamba muda wa Yarow umekwisha.

Akategea sikio kizuizini. Lori likakaribia, likakaribia zaidi. Akaomba asikie kile kilio, kile kilichomnyima usingizi, akiomba kama mtu anavyoomba mvua, walau mara moja tu, hata kidogo. Lori likapita mahali ambapo breki hulia. Hazikulia. Zikafuata risasi.

Yarow walimkuta amekufa kwenye usukani, na nyuma ya lori mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Yarow alikuwa ameacha njia yake na kwenda kumchukua kwao, ndiyo maana alichelewa. Mwanamke yule hakuguswa na risasi hata moja, akajifungua salama hospitalini usiku uleule. Guyo alizikagua breki akiwa analia. Mafuta yalikuwa yamejaa, hewa hamna, na kila kitu kilikuwa kama alivyokifunga.

Yule askari kijana alikuja asubuhi na kilemba kilichokuwa kwenye pedali. Alikuwa amekifua na kukikunja. Alikiweka kwenye magoti ya Lul, akabaki amesimama pale mpaka mwenzake alipomwita.

Anab siku hizi anaishi Griftu na ana watoto. Akitaka kumwaga maji ya moto husema Bismillahi kwa sauti, kisha husubiri kidogo kabla ya kuinamisha sufuria.