Mkono wa Trimarani

Uvumi ule ulimfikia Corinne Haddaway kwenye foleni ya kahawa, karibu na gati la mjini: Teague anauza trimarani yake. Aliyeusema hata hakuwa akimwambia yeye. Alikuwa akimwambia mwenzake huku akikoroga sukari. Corinne alichukua kikombe chake, akavuka barabara na kurudi karakanani kwa baba yake kushona matanga, lakini kutwa nzima alishona na kufumua. Maana pale Annapolis, mji wa mabaharia, kila mtu anajua: mwanamume akiuza mashua anahama, na akihama kimyakimya, basi anakuacha.

Yeye na Teague walikuwa wamekutana Oktoba, kwenye maonyesho ya mashua, siku ambazo huwezi kunyoosha kiwiko bila kumgonga mtu. Corinne alikuwa amekaa kwenye meza ya baba yake, Wendell, mshonaji matanga wa watu wa mkuku, yaani wenye mashua za mwili mmoja zilizobeba uzani wa madini ya risasi chini ya tumbo. Alivaa sweta ya buluu na sketi ya jinzi, nywele nyekundu kazibana kwa penseli. Akatokea mtu mrefu mwenye buti za mpira za manjano na koti lililopauka kwa chumvi, akauliza kama wanaweza kumshonea tanga la trimarani, mashua yake ya miili mitatu. Wendell alijibu bila kuinua macho kwamba yeye hushona matanga, mahema aulizie kwa watu wa sarakasi.

Yule mtu akamgeukia binti. "Dada, mzee huwa hivi kila siku?"

"Leo ana adabu. Ungekuja jana."

"Basi nishonee wewe. Mtu aliyepanda nusu mashua maisha yake yote, siku moja naye aguse tanga la mashua nzima."

"Nusu kivipi?"

"Yenu ina mwili mmoja, yangu mitatu. Piga hesabu mwenyewe, bibie."

Corinne hakupiga hesabu, alitoa namba ya simu.

Simu zikaanza. Corinne alimwita Bwana Miguu Mitatu. Teague alimwita Risasi Yangu, akasema ni nzito lakini ndiyo inayomsimamisha wima. Jumapili alimchukua majini, na Corinne, aliyezoea mashua inayolala ubavu mpaka sahani zinamwagika, alishangaa kuona kikombe chake kimetulia mezani huku maji yakipita mbio kama barabara kuu.

Watu wa Teague, wenye mashua za miili mingi, walikuwa na gati lao, la mwisho kabisa, jirani na mapipa ya taka. Klabu iliwaweka huko kwa sababu mashua yao moja hula nafasi ya mbili. Kwenye mashindano ya Jumatano walianzishwa mwisho, wakarudi wa kwanza, na hakuna aliyewapigia makofi. Walikula kaa wa pilipili juu ya magazeti, wakivunja magamba kwa nyundo za mbao, na kuwacheka wanaoburuta risasi. Nao walikuwa na kiburi chao. Corinne aliulizwa mara nyingi kama mgongo haumuumi kwa kulala upande. Mkubwa wao alikuwa Bettina Oyler, mama aliyejiundia katamarani yake, mashua ya miili miwili, nyuma ya nyumba, na ndiye aliyemwambia neno ambalo Corinne alilielewa baadaye sana: "Wakisema sisi si mabaharia, tunakasirika. Wakisema sisi ni mabaharia wenzao, tunajiuliza wanataka nini."

Halafu kikaja kile chakula cha mchana kwenye klabu ya Wendell. Meza ilikuwa ndefu, vitambaa vyeupe, wazee wamevaa makoti yenye vifungo vya shaba. Teague alikopa tai. Kabla supu haijaisha, Wendell aliwauliza wenzake ni mashua gani ikianguka haiinuki tena, kama mlevi. Meza nzima ikamtazama Teague, ikacheka. Corinne naye akacheka.

Watu wa Teague wana jibu la utani huo, na kila mmoja wao analijua: yetu ikipinduka inaelea, yenu ikijaa maji inazama na risasi yake. Siku ile Teague hakulisema. Alipaka siagi kwenye mkate.

Tangu hapo akabadilika, na Corinne akayaita mabadiliko hayo mapenzi. Akaacha buti za manjano. Akaacha kwenda kwa kina Bettina. Akamwomba Wendell amchukue kwenye mashua yake siku za mashindano, avute kamba kama wengine. Wendell alikubali, na Jumatano ya tatu, upepo ukiwa mkali na wa kushtukiza, akamwachia usukani mbele ya watu wote.

Sasa, mashua ya mkuku ikipigwa na upepo wa ghafla, unaielekeza omo, yaani pua yake, kwenye upepo, inatulia. Trimarani inayokwenda mbio ukiifanyia hivyo unaipindua. Wewe unageuka na kukimbia pamoja na upepo. Teague hakupata nafasi ya kufikiri. Upepo ulipopiga, mkono ulikwenda ulikozoea. Mashua ya Wendell ililala ubavu, mlingoti ukagusa maji, watu wakaning'inia kwenye kamba kama nguo zilizoanikwa. Iliinuka, maana ni ya mkuku. Hakuna aliyeumia ila tanga, lililochanika juu mpaka chini.

Wendell alisema tu kwamba mkono ule umelelewa vibaya. Corinne alikuwa amekaa karibu, maji yakimtiririka usoni. Hakusema kitu.

Ndipo wiki iliyofuata akausikia ule uvumi wa foleni ya kahawa. Hakumuuliza Teague. Aliwauliza wauza kahawa, akamuuliza mshona mazulia, akamuuliza mke wa mwenye duka la kamba, na kila mmoja alimwongezea kidogo. Kumbe kweli. Siku ya tatu akaamua kwenda kwa Teague, Eastport, ng'ambo ya daraja, kwa miguu, na alipofika darajani king'ora kikalia, vizuizi vikashuka, daraja likainuka kupitisha mashua.

Ilikuwa trimarani ya Teague, na usukani ulikuwa kwa mtu asiyemjua.

Simu yake ikaita.

"Nimekuona," Teague akasema. "Niko upande wa pili. Umevaa koti langu."

"Kwa nini umeiuza?"

"Si ndicho ulichotaka?"

"Nilikwambia lini?"

"Ulicheka, Corinne. Pale mezani."

"Baba alikuwa ananitazama."

"Na mimi nilikuwa nakutazama."

Trimarani ilipita katikati yao. Madereva walizima injini. Corinne akasema anampenda na miguu yake mitatu yote, amwite yule mtu arudi. Teague akasema mashua iliyouzwa haiitwi kwa jina.

Daraja liliposhuka walikutana katikati, magari yakiwapigia honi. Walikumbatiana kwa muda mrefu. Teague alimwambia kwamba aliyenunua ana karakana kaskazini, Maine, wanakounda trimarani, na amempa kazi.

"Nilitaka kuwa mtu wa baba yako," akasema. "Mimi nilikubali, mkono ukakataa."

"Nioe, twende wote."

"Ukinitaka mimi, njoo. Ukiwa unamkimbia mzee tu, kaa, mpenzi. Nitakuwa nimekuhamisha kwa watu wako kama nilivyojihamisha kwa wangu."

Corinne aligeuka kutazama upande wa karakana ya baba yake, honi zikazidi, wakaachana kila mmoja upande wake. Teague aliondoka Ijumaa. Kwa muda simu ziliendelea, halafu zikawa za sikukuu tu. Corinne bado yuko karakanani. Ameshona matanga matatu ya trimarani, baba yake akilalamika.

Haya basi ndiyo ya kuepuka, enyi wenye kupenda na enyi wenye mabinti:

Kucheka utani unaomchoma mwenzako ili umpendeze mzazi wako.

Kumpa mgeni usukani siku ya upepo ili aonekane akikosea.

Kuuliza majirani habari za mtu ambaye mwenyewe ana simu.

Kuacha watu wako ili upokelewe na watu wa mwingine.

Kukaa kimya mpenzi wako akitukanwa mbele yako, hata kama anayetukana ni baba.

Kudhani kwamba anayepaka siagi kwenye mkate ameridhika.

Kuuza kabla ya kuuliza.