Masale ya Stesheni ya Njiapanda

Uji ulianza kunuka udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo. Evaresta akaumwaga, akapika mwingine. Nao ukanuka vilevile. Mumewe Philemoni, stesheni masta wa Njiapanda, chini ya Nkoaranga, pale reli ya mashamba ya kahawa ilipoungana na ile ya Arusha, alisema ni maji ya tangi. Philemoni alikuwa na maelezo ya kila kitu, na filimbi ya kuyasindikizia.

Kisha binti yao Anjela, ambaye hata Kichaga alikuwa bado anakitafuna, akakaa mlangoni jua la utosi na kufoka kwa Kimeru, kwa sauti nzito ya ajuza aliyenyimwa kiti.

"Anasemaje?" Evaresta alimnong'oneza Nanyori, Mmeru aliyewauzia maziwa.

Nanyori alitua kibuyu chini. "Anauliza nani kamkalia kichwani. Mama Anjela, hapa palikuwa na kaburi la bibi wa ukoo wetu. Masale matakatifu yaliyopandwa kulizunguka aliyang'oa Bwana Kelele, yule mzungu wa reli, akajenga nyumba yenu."

Evaresta alimgeukia mumewe. "Mchaga mzima, unajua masale yameng'olewa, ukaleta kitanda?"

"Nilikuta nyumba iko tayari, mama."

"Na jeneza je, utalikuta tayari?"

Maana Anjela hakula tena. Sauti ilinenepa, mtoto akakonda, sakafu ikakwaruzwa kutoka chini, saruji ikatoa jasho, harufu ikapanda kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka ukimbeba ni kama umebeba fungu la udongo wa kaburini lenye macho mawili, nayo yanakuchukia.

"Hamtaki mtoto," Nanyori alisema. "Anamtaka mwenye kosa. Aje na jani la sale mkononi, aombe radhi. Kwetu na kwenu, mtu akiombwa kwa sale hakatai."

Bwana Kelele, mhandisi Mwingereza, alifika kwa kiberenge, kigari cha reli, kakaa juu yake kama bwana harusi, vibarua wa Kimeru wakisukuma. Evaresta hakumwamkia. Alimshikisha jani.

"Mwombe radhi bibi."

"Bibi gani?" Mzungu alicheka, akamtekenya nalo Anjela puani, akalitupa, akalikanyaga.

Sauti ikakatika. Anjela akaanza kulia, kilio chake mwenyewe, chembamba, akimwita mama kwa Kichaga. Evaresta alimkumbatia, hasira ikiishinda furaha.

"Toka kwangu!"

Akatoka. Vibarua walisukuma wakihema. Kiberenge kilikuwa kizito kana kwamba kimeongezewa mtu. Reli mbili zilipokutana, Bwana Kelele akafumbua mdomo awatukane, kama desturi yake, na kikatoka Kimeru safi cha ajuza.

Vibarua wakasimama. Wakavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Ng'oeni," ulisema mdomo wa mzungu, huku machozi yakimtiririka.

Wakang'oa reli zote, mpaka taruma la mwisho. Amri ilikuwa imetoka kwa bwana mwenyewe.