Neno la Kuruka

Rafiki yangu, fundi baiskeli, ameacha kuruka ngazi kwa baiskeli, na swahiba wake wa tangu miaka kumi iliyopita hamjibu hata salamu. Usimcheke.

Walikwenda watatu na baiskeli zao katika mji wasioujua. Mchana wakapata ngazi zinazoshuka chini ya jengo bovu, huko chini giza tititi. Walikuwa na desturi: anayetangulia akishatua huita "Salama!", ndipo mwingine aruke.

Akatangulia Kichuma, yule wa tatu wao. Gurudumu lake likalia tiki-tiki-tiki, likanyamaza. Kisha sauti yake ikaita: "Salama!"

Rafiki yangu akaruka, akaangukia mwili. Akapapasa gizani: shingo ya Kichuma imevunjika, hapumui. Akataka kupiga yowe, sauti ikagoma kutoka.

Swahiba naye akaruka, akamwangukia mgongoni, akapasuka goti.

"Mshenzi wewe!" akalia. "Si umeniambia salama?"