Mdhamini wa Pili

Mwisho wa mwezi, ile benki kubwa ya Singida mjini ilijaa watu hadi barazani: walimu, askari, manesi, wenye maduka wakijipepea kwa vitabu vyao vya akiba. Kefa alikuwa wa kumi na moja kwenye foleni. Alikuwa fundi viatu, kijana wa Issuna ambaye mikono yake ilinuka gundi hata aisugue vipi, na siku hiyo alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Alikuja kuomba mkopo.

Mbele yake alisimama msichana mrefu, gauni la kijani lenye maua madogo, kitambaa cheupe kichwani, viatu vyeusi vya kamba. Kefa, kama mafundi viatu wote, alianza kumtazama miguuni.

"Dada, kiatu chako kinalalia kushoto."

Msichana akageuka taratibu. "Kumbe wewe unatembea ukikagua miguu ya watu?"

"Ndiyo kazi inayonilisha."

"Pole. Na siku ukikutana na watembea peku watupu, unakula nini?"

Foleni nzima ikacheka. Kefa naye akacheka, ingawa masikio yalikuwa yanamwaka.

Msichana alipofika dirishani aliomba kufunga akaunti yake. Karani, mtu mpole mwenye tai, akashangaa. "Unachukua zote? Tumekuudhi nini, bibie?"

"Hamjaniudhi. Tumeanzisha chama chetu cha akiba na mikopo pale sokoni. Nataka kuziweka kwa watu wanaolijua jina langu bila kutazama kitabu."

Ikaja zamu ya Kefa. Karani yule yule alimuuliza kama ana nyumba yenye hati. Kefa alikuwa na chumba cha kupanga, nyundo na misumari. Karani alimsikitikia kweli, maana kanuni hakuzitunga yeye. Kefa alipotoka alimkuta yule msichana barazani, akifunga noti zake kwenye leso.

"Wamekunyima?"

"Wanataka hati ya nyumba. Nami nyumba yenyewe napanga."

"Njoo kwetu. Unaweka akiba miezi sita, unaleta wadhamini wawili wanachama, unakopa mara mbili ya ulichoweka. Sisi hatuulizi nyumba, tunamwangalia mtu."

"Na mimi nani ataniangalia?"

"Katibu ni mimi. Naitwa Selina, wa kule Mtinko," alisema, akatazama upande wa pili wa barabara. Kama hujawahi kumwona msichana wa Mtinko akisema jambo kubwa huku anatazama pembeni, basi bado hujatembea.

Wiki ile ile Kefa naye akahamisha vijisenti vyake. Kila Jumamosi alivipeleka kwenye duka la ushirika, ambako Selina aliuza sukari, khanga na mafuta ya taa, na ambako chama kilipewa meza moja nyuma ya magunia. Kiatu alikitengeneza bure, halafu na kile cha pili, ambacho hakikuwa na ubaya wowote. Jioni walitembea kando ya ziwa Singidani, upepo ukimrushia Selina kitambaa usoni.

"Katibu wangu," Kefa alimwita.

"Fundi wangu wa bure," alijibu Selina. "Utafilisika kwa ajili yangu."

Walipendana, tena sana. Ila neno la ndoa Kefa hakulitamka. Fundi aliyemfunza kazi alikuwa anahamia Dodoma na anauza mashine yake ya kushonea ngozi. Akiipata, Kefa aliwaza, atashona viatu vya shule nzima, na hapo ndipo atasimama mbele ya baba wa Selina kama mwanamume. Selina hakuambiwa hesabu hizo. Yeye alingoja tu, na kungoja kunachosha jamani.

Miezi sita ikatimia. Kefa alijaza fomu, akapata saini ya kwanza kwa Mzee Mughwai, muuza vitunguu na mwenyekiti wa chama, kisha akaingia dukani mbio akiwa na furaha yote usoni.

"Tia saini hapa, mpenzi. Wewe ndiye wa pili."

Selina aliisoma fomu hadi chini. Akaikunja, akairudisha juu ya kaunta. "Siwezi. Tafuta mtu mwingine."

"Unanitania."

"Sikutanii. Kuna kanuni."

"Kanuni gani?"

Selina akawatazama wateja. Kina mama watano walikuwa na vidumu vyao vya mafuta ya taa, na wote walikuwa wameacha kuzungumza. "Nitakuambia siku nyingine," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulisema mnamwangalia mtu. Umeniangalia miezi sita, Selina. Umeona nini?"

Akaichukua fomu yake, akatoka. Kesho yake alfajiri Selina alipanda basi kwenda Moshi kwenye kozi ya ushirika ya mwezi mmoja, safari iliyopangwa siku nyingi. Alikaa dirishani akitafuta shati jeupe kati ya watu wa stendi mpaka basi likaondoka. Kefa hakwenda, na hapo mimi namlaumu.

Angeweza kumpata mdhamini mwingine siku hiyo hiyo. Lakini moyo ulikuwa umemuuma mno, ingawa mwenye mashine alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi tu. Siku ya nne akamfuata Mzee Mughwai sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeukunja?"

"Najitoa kwenye chama. Nirudishieni akiba yangu niipeleke benki. Kule walininyima, lakini hawakuwahi kuniita mpenzi."

Mzee aliinama juu ya vitunguu vyake ili kijana asimwone anavyotabasamu. "Kujitoa ni haki yako. Ila anayepokea maneno hayo ni katibu. Mpigie simu chuoni kwao Moshi, Jumamosi saa kumi huwa wanapokea, umwambie mwenyewe."

Jumamosi saa kumi Kefa alikuwa posta, ndani ya kibanda cha simu chenye joto. Dorkas, opereta, aliwaunganisha. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, na simu za mapenzi alizisikiliza zote.

"Una dakika tatu, kaka. Moshi, zungumza."

"Fundi?" Sauti ya Selina ilikuja kwa mbali. "Umekula?"

"Sikupiga kwa habari ya kula. Najitoa kwenye chama."

"Kwa sababu sikutia saini?"

"Usiyeniamini kwa mashine moja utaniamini kwa lipi? Nilikupenda, Selina. Nilidhani unanijua."

"Soma kanuni ya kumi na nne."

"Sina kitabu hapa. Nisomee wewe."

"Naona haya."

"Dakika moja imekwisha," alisema Dorkas.

Selina akavuta pumzi. "Inasema, mume hatamdhamini mkewe, wala mke hatamdhamini mumewe."

"Lakini sisi si mume na mke."

"Najua. Na mkopo wako ni wa miaka miwili." Sauti ikaanza kutetemeka. "Ningetia saini, Kefa, ningekuwa nimeandika mbele ya chama kizima kwamba kwa miaka miwili mimi sitakuwa mke wako. Mkono ulikataa. Na wewe hujaniuliza hata siku moja. Ningeyasemaje hayo mbele ya watu wa mafuta ya taa?"

Kefa aliegemea ukuta wa kibanda. Machozi yalimtoka, akayaacha. Siku zote hizo alikuwa amemwazia mabaya binti wa watu.

"Kaka, mjibu," alisema Dorkas. "Zimebaki sekunde arobaini."

"Nilitaka mashine kwanza," alisema Kefa. "Ili baba yako asinidharau."

"Anayeolewa ni mimi, si baba."

"Basi nisikilize. Usinidhamini, Selina. Mwaka huu usinidhamini, na mwaka ujao. Hata tukiwa wazee tusio na meno, usinidhamini."

Kwa mbali, Moshi, Selina alikuwa analia na kucheka pamoja. "Sitakudhamini, Fundi wangu. Naapa, sitakudhamini kamwe."

Simu ikakatika. Kefa alipotoka kibandani, Dorkas alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa upindo wa khanga.

"Mimi ni mwanachama namba arobaini," alisema. "Kalete hiyo fomu kabla sijafunga."