Siku Watwangaji Walipolaza Michi Chini

Kila asubuhi, kabla ya jua kukausha umande wa Salamabila, mji wa machimbo mashariki mwa Kongo, Falone alimfunga mdogo wake Alain mgongoni kwa kitenge, akamfuata mama yake, Emilienne, mpaka uwanja wa kutwangia mawe. Hapo akina mama wapatao arobaini walitwanga mawe yenye dhahabu katika vinu vya chuma mpaka yakawa unga. Alain angeweza kubaki nyumbani na nyanya yao. Lakini sendika, yaani chama cha watwangaji cha kutetea haki zao, ilikuwa imekataza watoto kutwanga. Ndiyo maana Falone alihitaji mtoto mgongoni, ili aonekane mama wa mtu. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Jambo, Mama Alain!" Laura, rafiki yake wa darasani, alimtania kila walipopishana njiani. "Mume wako hajambo?"

Falone alicheka, akamkaza Alain mgongoni. Laura alikuwa anakwenda shuleni. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa umebakiza miezi miwili, na Falone hakuwa ameshika kalamu tangu mvua zilipoanza.

Siku moja Mama Jeannette, mjumbe wa sendika, alifika uwanjani. Naye alikuwa mtwangaji. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu. Alipomkaribia Falone, Alain alianza kulia.

"Mutoto iko na njaa, dada. Mupe maziwa," alisema Jeannette.

"Ame... amekwisha kunywa."

Alain akakohoa kikohozi kikavu. Jeannette alimpangusa usoni, kidole kikawa cheupe kwa vumbi la mawe.

"Hili vumbi halitoki kifuani kama linavyotoka usoni," alisema taratibu.

Falone alimtazama mama yake. Emilienne alitikisa kichwa: usiseme. Alain akakohoa tena.

"Si mutoto wangu, mama," Falone alisema. "Ni mudogo wangu. Mimi niko na miaka kumi na mbili."

Emilienne aliacha kutwanga. "Falone! Sasa leo tutakula nini? Sendika ndiyo itatupikia?"

"Itapika," Jeannette alijibu bila hasira. "Lakini uniambie kwanza. Zamani, ndoo moja ya unga wa mawe ilikupatia kilo mbili za mchele. Leo je?"

"Moja. Tena kwa kubembeleza."

"Kwa nini?"

Jeannette aliwageukia wanawake wote.

"Kwa sababu Bosi Hippolyte, mwenye mawe haya, anajua wewe ukikataa bei yake, mutoto wako ataikubali. Tunashindana na watoto wetu wenyewe, wamama!"

Akauchukua mchi wa Falone, akaulaza chini. Emilienne alitazama ndoo yake iliyojaa nusu, mchi wake ukiwa mkononi. Kisha naye akaulaza. Mmoja baada ya mwingine, wanawake wote wakafanya hivyo. Falone hakuwa amewahi kusikia uwanja ule ukiwa kimya. Hata kuku wa jirani walisikika wakiparua.

Kwa siku mbili sendika ilipika kweli. Alain alibaki nyumbani na nyanya, na wanachama wakaleta mihogo na majani yake, sombe, kutoka mashambani mwao, wakapika katika sufuria moja pale pale uwanjani, watoto wakala kwanza. Mama mmoja alichoka, akataka kurudi kwenye kinu chake. Wenzake hawakumtukana. Walikaa naye, wakazungumza naye mpaka akatulia.

Siku ya tatu Hippolyte alikuja mbio kwa pikipiki. Mnunuzi wake alikuwa anasubiri dhahabu. Hakuwasemesha akina mama, bali alimwendea Falone na wasichana wengine wanne waliokuwa wakitwanga kwa kujificha kama yeye.

"Binti zangu, hawa wamama wamechoka kazi. Mutwange ninyi. Nitawalipa mara mbili."

Mara mbili! Falone aliwaza mchele. Akamtazama mama yake. Safari hii Emilienne hakutikisa kichwa wala kukonyeza. Alingoja tu.

"Bosi," alisema Falone, "kama hiyo mara mbili iko, uwape mama zetu."

Uwanja ulilipuka kwa vicheko na vigelegele. Hippolyte alikuna kichwa, mwishowe akaomba kiti, akaketi kuzungumza na Jeannette na wajumbe wenzake. Kabla ya saa sita walikubaliana: bei ya ndoo irudi kama zamani, na asiyetimiza miaka kumi na minane asitwange, hata akibeba watoto watatu mgongoni.

Jumatatu Emilienne alimpeleka Falone shuleni. Jeannette aliwasindikiza ili azungumze na Mwalimu Théophile kuhusu masomo yaliyompita.

"Mama Jeannette, uko hodari," Falone alisema njiani. "Ulimushinda bosi."

Jeannette alisimama. "Si mimi. Ningekataa peke yangu, angenifukuza asubuhi ile ile na kuweka mutu mwingine. Wewe ulisema kweli, na hapo ndipo tulipoanza. Lakini sendika ni huyu mama yako, aliyeacha kazi bila kujua jioni mutakula nini. Wakubwa wakisimama pamoja mpaka walipwe vizuri, hakuna mutoto atakayehitajika kutwanga. Ukumbuke hilo siku utakapopata kazi yako."

Emilienne alijifanya hasikii, akaongeza mwendo kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa darasani. Falone alikimbia, akamfikia, akamshika mkono.