Mkono wa Anaclet kwenye Picha

"Zima hiyo mashini!"

Syntiche hakuizima. Alikuwa amepiga goti kando ya barabara, mbele ya duka jipya la vioo katikati ya Lubumbashi, kamera ikiwaelekea akina mama waliopanga nyanya na dagaa juu ya magunia. Sketi yake ya kitenge cha njano ilikuwa imeshika vumbi jekundu. Pikipiki zilipiga honi, muuza maji akapaza sauti, na mlinzi mrefu mwenye sare ya bluu akaja kusimama mbele ya lenzi.

"Mademoiselle, nimesema. Huku habapige foto."

"Huku ni wapi, chef? Duka ni yenu. Barabara ni ya bantu bote."

"Bakubwa banakataza. Uko na karatasi?"

"Carte ya kazi niko nayo, angalia. Weye, uko na karatasi yenye kunikataza?"

Hakuwa nayo. Alikuwa na redio tu, inakoroma kiunoni, na mkuu wake akichungulia kutoka dirisha la juu. Mlinzi akapunguza sauti.

"Songa mpaka ku ule muti. Ukiwa pale, miye sikukuona."

Syntiche alisonga. Alipomaliza kupiga akarudi, akitabasamu.

"Mulinzi mwenye kuogopa foto anaitwa nani?"

"Anaclet. Na mwenye kubishana na sare?"

"Syntiche."

"Jina ya Biblia! Na kinywa hivi?"

Siku ile ile Anaclet alimwomba namba ya simu.

Anaclet aliishi mtaa wa Makomeno na mama yake, Victorine, mjane wa mfanyakazi wa reli. Syntiche alikula kwa picha za harusi, lakini moyo wake ulikuwa barabarani. Kwa miezi mitatu simu zao hazikupoa.

"Umekula, chérie?"

"Nimekula. Bukari na sombe."

"Bila miye?"

"Ungekuya, ungeosha sahani."

Jambo moja tu halikuwa na mzaha.

"Foto za kazi yangu, hapana," Anaclet alimwambia.

"Ni barabara, Anaclet. Niko na haki."

"Barabara yako. Mukate yangu."

Kisha ikaja ile Jumatano ya baridi ya Julai. Duka lilitaka ile kando ya barabara iwe mahali pa kuegesha magari, na walinzi wakaamriwa kuwaondoa akina mama. Syntiche alisikia kelele akavuka mbio. Magunia yaliburutwa, nyanya zikapondwa chini ya viatu. Mama Hortense, mkubwa kuliko wote pale, alikuwa chini, na juu yake alisimama Anaclet, mkono umeinuliwa, mdomo wazi. Syntiche alimtambua ndani ya lenzi. Kidole chake hakikusimama. Alipiga picha kumi na moja.

Mchana alizipeleka zote kumi na moja kwa mhariri wa ukurasa mmoja wa habari, kwa mfuatano, na maelezo. Mhariri alichukua ya sita peke yake. Kabla jua halijazama ilikuwa katika kila simu ya mji. "Muangalie huyu munyama," watu waliandika.

Anaclet alimpigia.

"Ni weye njo ulipiga?"

"Ni miye. Lakini nilituma zote, naapa. Foto ya saba inaonyesha..."

"Mama ametoka soko analia. Bantu banatema mate chini akipita. Anasema hakuzala mutoto wa kupiga bamama."

"Najua haukumupiga. Niliona na macho yangu."

"Uliona," alisema polepole, "na ukatuma bila kuniuliza?"

Simu ikakatika. Syntiche alimpigia mara tisa. Hakujibu.

Mhariri sasa alitaka ruhusa ya kuitoa picha ya saba. Wakili wa Mama Hortense naye aliitaka, maana kiuno cha yule mama kilikuwa kimevunjika na duka lilisema alianguka mwenyewe. Syntiche aliwazuia wote wawili. Jumamosi alivaa gauni lake la kanisani, akazichapisha picha zote, akaenda Makomeno.

Mama Victorine alifungua mlango nusu.

"Ni weye njo mupiga foto?"

"Ni miye, mama."

"Na unasubutu kukanyaga kwangu?"

"Angalia kwanza, mama. Kiisha unifukuze."

Akazipanga juu ya meza, moja baada ya nyingine. Mama Victorine akavaa miwani. Katika ya tano, mlinzi mwingine alikuwa akiinua rungu juu ya Mama Hortense aliyekwisha kuangushwa. Katika ya sita, Anaclet ameinua mkono. Katika ya saba, mkono ule umelidaka rungu. Katika ya nane, rungu limemshukia yeye. Katika ya tisa, anamwinua mama wa watu.

"Anaclet! Kuya hapa!" mama aliita kwa sauti iliyopasuka. "Huu mukono wa kuvimba, ulisema uliangukia ku ngazi?"

Anaclet alisimama mlangoni na singlendi, mkono umefungwa kitambaa. Hakumtazama Syntiche.

"Juu ya nini haukusema?" Syntiche alimuuliza.

"Kwa nani? Kila mutu alikuwa na foto. Miye nilikuwa na kinywa tu."

"Nisamehe. Nilijua ni weye, na sikukuuliza. Hii ya saba sijapatia mutu ruhusa ya kuitoa. Ukisema hapana, haitatoka."

"Ikitoka, siku ya lundi siko na kazi."

"Najua."

"Na isipotoka, Mama Hortense alianguka mwenyewe."

  Anaclet alizitazama picha kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akazikusanya, akampa Syntiche mkononi.

"Tuma. Yote. Na jina yangu uandike."

Jumapili zilitoka. Jumatatu Anaclet alirudisha sare. Wiki iliyofuata duka likakubali kumtibu Mama Hortense. Lakini Anaclet hakupiga simu. Syntiche alisikia tu kwamba amehamia mji wa Kambove. Akajiambia, amenisikiliza mbele ya mama yake, lakini moyoni amenifunga nje.

Siku ya kumi na saba alikuwa mbele ya ofisi ya komini, ambako ndoa huandikishwa, akingoja bibi harusi, simu ikalia.

"Syntiche, uko ku kazi?"

Akaibana simu sikioni. "Niko."

"Nilipata kazi huku Kambove, ku atelier ya kuranda mbao ya papa mukubwa, ndugu ya papa yangu."

"Siku kumi na saba, Anaclet! Ata neno moja?"

"Nilikuwa na hasira. Nilitaka iishe kwanza, nisiilete kwenu."

"Kwetu?"

"Dimanche, kiisha kanisa, papa mukubwa atabisha mulango kwa baba yako. Nitakuwa nyuma yake."

Bibi harusi alishuka kwenye gari. Vigelegele vikapaa, na mpiga picha akawa amewapa mgongo.

"Baba yangu anauliza sana," alisema. "Atakuuliza juu ya nini unataka mwanamuke mwenye alikupotezesha kazi."

"Nitamuambia alikuya kwetu peke yake, akakaa mbele ya mama yangu, akasema makosa yake bila kuyapunguza. Sijaonaka mutu mwingine wa vile."

Syntiche alifunga macho kidogo.

"Kuyeni saa nane," akasema. "Na weye, chakula nitapika, lakini sahani utaosha mbele ya baba."