Kitanda cha Asiyekuwapo

Siku ile chumba cha fonia, redio ya kuongea na miji ya mbali, pale mtaa wa Makiso, kilikuwa na watu watatu na mtoto: papa Alfani, mwenye kuendesha redio na kompyuta, mama Fatouma, mpishi wa ofisi, na Kaswera, mke wa Wenceslas, akiwa na Paluku mgongoni. Wenceslas alikuwa amekwenda mji wa Ubundu kununua mchele, vita vikafunga njia nyuma yake. Kaswera alikuja kila siku kuuliza kama yu hai, na kila siku Alfani alimwachia kiti, yeye akafanya kazi amesimama.

Kompyuta ilikuwa imeacha kupokea ujumbe wa redio. Alfani aliletewa CD kutoka Goma yenye programu nyingine, ila ilifungashwa kwa Red Hat, na mashine yake ilikuwa Debian. Zote ni Linux, mifumo ya kuendeshea kompyuta, alieleza, kama ndugu waliojenga mbalimbali. Cha mmoja hakikai kwa mwenzake ila kwa nguvu. Akailazimisha. Programu ikadai faili ambalo mashine haikuwa nalo. Kwa kumhurumia Kaswera, Alfani akaunda faili tupu, akalipa jina la lile lililotafutwa.

Programu ilipaswa kukataa. Ikafunguka.

Hodi, ikaandika. Ni mimi Wenceslas.

Kaswera alicheka huku akilia. Akaomba ajibiwe kwamba karibu, kitanda chake kingali kimetandikwa. Alfani akaandika, na kabla hajainua vidole harufu ya matope ya mtoni ikajaa chumbani, nzito, yenye samaki waliooza, na ndani ya kompyuta kitu kikaanza kukwaruza polepole kama kucha juu ya ubao, na Paluku, ambaye hakuwa mtoto wa kulia, akauficha uso mgongoni mwa mama yake asitake kuutoa.

Mama Fatouma alikuwa dirishani.

“Papa Alfani,” alinong'ona, “waya ya antene iko chini. Bombe ya asubuhi iliikata.”

Alfani akaitazama kompyuta; bila waya ule hakuna ujumbe wa redio ulioweza kuingia.

“Kwetu,” Fatouma akaendelea, “mutu akikimbia, tunakunja mukeka yake. Kitanda ya mutu hayuko haibaki wazi. Ule anapita atalala.”

Alfani akalikumbuka faili lake tupu, nalo kitanda kilichoachwa wazi. Alijaribu kuiondoa programu, ikagoma. Ikabaki kufuta diski nzima. Kaswera akamshika mkono.

“Usifute, papa. Sina neno yake ingine.”

Fatouma alimkumbatia, yeye na mtoto, akasoma aya sikioni mwake ili asisikie mashine ikifutwa. Ukwaruzaji ukakoma. Harufu ikatoka mlangoni, taratibu, kama mtu anayeijua njia.

“Mama Paluku,” Fatouma akauliza, “kule nyumbani, ulikunja kitanda yake?”

Kaswera akatikisa kichwa kukataa.

Wenceslas hakurudi. Kaswera na Paluku wanalala sakafuni, na kila asubuhi kitanda kinakutwa kimebonyea upande wa mume, kimelowa, kikinuka matope ya mtoni.